Gari Lililozibwa kwa Sabuni

Mimi ndiye yule mtu aliyepanda gari la zimamoto kwenda kununua jiko. Nasema mapema ili anayetaka kunicheka anicheke amalize, kwa sababu huko mbele kicheko kinapungua.

Akili ninazo. Kidato cha nne nilimaliza na cheti kipo, nimekihifadhi chini ya godoro pamoja na picha za harusi. Shida yangu ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wanaume hapa Busia wanaovuka mpaka asubuhi kunywa chai upande wa Uganda na kurudi kabla jua halijawa kali. Mimi najua kuku wangu, sufuria zangu, na redio mbovu za watu ninazozitengeneza barazani. Nikifika sokoni tu naanza kutamani kurudi. Basi mke wangu aliposema gari lao la zimamoto linapelekwa Malaba kuchomelewa tangi, na mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikiitamani ile sigiri ya udongo inayotoka Uganda, jiko lisilokula makaa, niliona usafiri umeletwa mpaka mlangoni. Nikae mbele, karibu na mke wangu, nirudi na jiko mapajani. Nini kingeharibika?

Mke wangu ni mzima moto. Nikisema hivyo watu hunitazama juu mpaka chini, kisha huuliza, "Na wewe?" Mimi napika na kuwafulia watoto wetu. Mama jirani, anayekaanga mandazi upande wa pili wa mabati yetu na ambaye hakuna neno letu lisilomfikia, aliwahi kulifupisha jambo hilo mbele ya wateja wake: "Pale kwa jirani, mama anazima, baba anawasha." Mtaa mzima wa Burumba ukalichukua. Sikukasirika. Ni kweli tupu.

Kituo chao kiko ng'ambo ya barabara, tunatazamana nacho. Hakina jikoni, na viti vyake vizima viliondoka na kikao fulani cha wakubwa havikurudi, kwa hiyo zamu ya mke wangu ilizoea kuja kwangu saa nne kunywa uji. Walikaa upande mmoja tu wa meza, wote wameelekea mlango, ili gari lionekane na simu ya kituo isikike. Ukiwaona ungedhani wanangoja kupigwa picha. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mambo ya zimamoto, mwiko mkononi.

"Zamani zamu moja ilikuwa inajaza benchi," dereva angeanza. Dereva ni mzee wa Kiteso kutoka upande wa Amukura, ndevu nyeupe, ambaye alipaswa kustaafu lakini akaombwa asubiri kidogo mpaka apatikane mwingine wa kulielewa lile gari. Huyo mwingine bado anatafutwa.

"Hata sasa benchi linajaa," mwenzake wa pampu angejibu. "Mimi peke yangu ni watu wawili."

Na kweli mwili anao. Huyu ni mtu wa Budalang'i, mcheshi, na hadithi yake ya kuajiriwa alikuwa akiirudia kila anapokuja mgeni: "Kwetu nilikua nikikimbia maji. Mto Nzoia ukifura, tunabeba godoro. Nikaja hapa, nikaandikwa kazi ya kutafuta maji. Sasa nayatafuta na siyapati."

Wa tatu ni mke wangu, anayeshika mdomo wa bomba. Na hao ndio wote. Dereva hawezi kushuka, maana pampu yao inazungushwa na injini ya gari, na ile injini ikizimika huiwashi tena mpaka isukumwe. Wa pampu hawezi kuondoka kwenye pampu. Anayebaki ni mmoja, na bomba likishajaa maji ni la watu wawili: wa mbele analenga, wa nyuma anabeba uzito na kuzuia teke, kwa sababu linarusha mateke kama ndama aliyefungwa mara ya kwanza. Mwenzake wa nyuma alipelekwa kwa muda kulinda geti la ofisi nyingine. Geti lilimpenda, akabaki.

"Si walisema wataajiri?" niliuliza siku moja nikiwaongezea uji.

"Walisema mwaka mpya wa bajeti," mke wangu akajibu.

"Mwaka gani?"

"Hawakusema mwaka gani, shemeji," wa pampu akadakia. "Walisema mpya."

Tukacheka. Ilikuwa desturi ya meza ile kucheka kwanza, halafu kila mtu kutazama kikombe chake.

Vifaa navyo nilivijua kama ninavyojua sufuria zangu. Helmeti ilikuwa moja yenye kamba. Gambuti zilikuwepo, lakini zote za saizi ya miguu ya dereva, kwa hiyo mke wangu alikuwa akijaza matambara mbele ya vidole. Bomba lilikuwa na vidonda vilivyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Maski ya kuingilia kwenye moshi ilikuwepo moja, na mtungi wake wa hewa, lakini mtungi uliisha zamani na mashine ya kuujaza haipo huku kwetu, ulitakiwa upelekwe mbali kwa gari ambalo halikuwahi kupatikana. Siku hizo mtungi ulikuwa unazuia mlango wa ofisi usijifunge na upepo. Ulikuwa unaifanya kazi hiyo vizuri sana.

"Mzee," wa pampu alimwambia dereva, "nyinyi Wateso mmeshindwa kutusaidia. Ile mirija yenu ya ajono ni mirefu ajabu. Si mtu aingie ndani ya nyumba na mrija mdomoni, ncha ya pili iwe huku nje kwa hewa safi?"

Ajono ni pombe ya wimbi, wazee huizunguka kwenye chungu kimoja kila mtu na mrija wake.

"Shida ni wewe," dereva akasema. "Tukikuachia ncha ya nje utaitia kwenye chungu."

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa, na akaendelea kukohoa baada ya kicheko kuisha. Kikohozi hicho kilianza baada ya ghala moja la magodoro kuungua pale Busia. Moshi wa magodoro ni mbaya, ni mweusi na mzito, unakaa kooni kama uji ulioungua. Usiku ule wa magodoro alirudi nyumbani akajifuta pua na leso ikawa kama imefutia sufuria. Nilimkalisha kitini. Mimi si mtu wa kupandisha sauti, nikipandisha kuku wanashtuka, lakini siku hiyo nilimwambia aniapie. Akaapa, na kesho yake wenzake nao wakakubaliana mezani kwangu: bila maski hakuna kuingia. Moto wataupigia nje. Wakishindwa, washindwe wakiwa nje.

Nililala vizuri tangu siku hiyo. Mtu wa nyumbani hana tamaa kubwa. Tamaa yangu ni kwamba wote waliotoka asubuhi warudi, tufunge mlango.

Sasa tangi. Lilikuwa linavuja chini kabisa, karibu na mshono. Walikuwa wanaliziba kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, unaikanda na kuisindilia kwenye tundu. Madereva wa matrela hufanya hivyo tangi la dizeli likitoboka, na kwa dizeli inashika vizuri. Kwa maji, sabuni ni sabuni. Gari likisafiri linaacha mstari wa povu barabarani, na watoto wa Alupe walikuwa wanalikimbilia nyuma wakipiga makofi. Dereva akamkumbuka shemeji yake, fundi wa kuchomelea, mwenye uwanja Malaba nyuma ya foleni ya matrela. Akakubali kulitengeneza tangi kwa undugu tu.

Ndipo nikaomba lifti.

Tulifika Malaba vizuri. Nilikuwa nimevaa shati la kwenda nalo kanisani. Fundi akalala chini ya gari, akagongagonga, akachimbua sabuni yote iliyokuwa pale, akatoka na jibu: "Siwezi kuchomelea tangi ikiwa na maji. Mwageni."

Dereva akakataa. "Gari ya faya haikai bila maji. Bila maji ni lori."

"Basi rudi na lori yako na povu."

Walitazamana, wakanuna. Mke wangu akauliza kama kuna bomba la mji karibu la kujazia baadaye. Fundi akasema lipo, maji hutoka jioni. Jioni haikuwa mbali. Dereva akakuna ndevu, akasema sawa, imwagwe.

Hapo ndipo mimi, ambaye sikuwa nimeulizwa, nilipotoa wazo. Nilisema ni dhambi kumwaga maji kwenye vumbi na kina mama wa hapa wanahangaika. Kabla sijamaliza sentensi, habari ilikuwa imefika. Jerikeni zilitokea kila upande, za njano, za bluu, zisizo na vifuniko. Nikajikuta nimesimama kwenye vali nikipanga foleni. "Polepole, mama! Dada, wewe umeshachota, nimekuona!" Mama mmoja wa Kiganda, anayeuza vitenge kando ya barabara, akaniita ssebo, yaani bwana, wengine wakaniita boss. Sijawahi kuitwa boss nikiwa macho. Nilitoa maji ya tangi zima kwa roho safi, mpaka vali ikakohoa na kutema tope. Mke wangu alikuwa ameegemea gari akinitazama, na uso wake ulikuwa na ule upole wa kunicheka baadaye.

Fundi alikuwa anavaa miwani yake wakati moshi uliponyanyuka upande wa foleni.

Pale kando ya matrela kulikuwa na mstari wa vibanda vya mbao. Mbele waliuza chai, chapati, kadi za simu. Nyuma waliuza mafuta kwa jerikeni, na kila mtu Malaba alijua yanatoka wapi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Moshi ulikuwa mweusi tangu mwanzo. Halafu tukasikia mlipuko mdogo, kama mtu amepiga teke karai, halafu mwingine.

Dereva akapanda. "Tunaenda."

"Na nini, mzee?" wa pampu akauliza.

"Tunaenda."

Baadaye alinieleza kwa nini. Watu wote walikuwa wameliona gari likiingia mjini. Lingebaki limejificha uwanjani kwa fundi huku mji unaungua, wangekuja kulimalizia hapohapo na sisi ndani yake.

Nilipanda kwa sababu kila mtu alipanda. Wa pampu alikuwa anapiga simu kituo kingine, halafu akapiga kwingine. Nilimsikia akisema, "Hata nyinyi? Hata nyinyi iko mawe?" maana yake gari lao limewekwa juu ya mawe. Mke wangu akamwambia awapigie wenzao wa ng'ambo ya mpaka. "Wa ng'ambo wameshanipigia mimi," akasema. "Wanauliza kama tunaweza kuja."

Tulifika upesi kuliko zimamoto yoyote ilivyowahi kufika popote. Watu walishangilia. Naapa walishangilia, mmoja akaruka akalipiga gari kofi kama ng'ombe wake: "Leo wamekuja mapema! Leo wamekuja!" Mke wangu akashuka na bomba, akalikimbiza mpaka karibu na vibanda, akapanga miguu, akainua mkono kumwashiria wa pampu. Wa pampu alikuwa amesimama kwenye pampu, mikono yake mapajani.

Umati ukaelewa kidogo kidogo. Kwanza sauti moja, "Hakuna maji," halafu sauti zote.

"Mmekuja kuota moto?"

"Mmeleta gari ya maonyesho!"

Jiwe la kwanza lilipiga mlango. La pili lilipasua kioo cha mbele na dereva akainamia usukani lakini hakuachia mafuta, injini ikaendelea kunguruma. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya gurudumu katika shati la kanisani. Nilifikiria kuku. Sitadanganya, nilifikiria kuku wangu na nani atawafungia.

Ndipo yule mama wa vitenge akaniona. "Boss wa maji!" akapiga kelele. "Ssebo! Maji yako iko kwangu!" Akageuka akakimbia, na mwingine akakimbia, na baada ya muda wakaanza kurudi, wale wale niliowapanga foleni, jerikeni kichwani, jerikeni mkononi, jerikeni kwenye boda boda. Maji yaliyotoka kwenye gari yakaanza kurudi kwenye gari. Wa pampu, ambaye hapaswi kuiacha pampu, aliifungua akaiacha ijiendeshe, akapanda juu ya tangi na mwili ule wote, akawa anazivuta kwa kamba na kuzimimina, akizirusha chini tupu. Waliokuwa wanarusha mawe wakashika jerikeni.

Na chini tangi lilikuwa linayatoa. Fundi alikuwa amechimbua sabuni yote. Dereva akanipigia kelele kupitia dirishani, "Shemeji! Ziba hiyo!" akanitupia kipande kutoka mfukoni. Kilikuwa kidogo. Nikavua shati langu, nikalisokota na ile sabuni, nikalisindilia kwenye tundu kwa ngumi. Lilishika kiasi.

Maji yalitoka kwenye bomba hatimaye, na mke wangu akayapeleka pale penye maana, kati ya vibanda vinavyoungua na trela la karibu, ambalo hakuna aliyejua limebeba nini. Nikamkimbilia nyuma, nikakumbatia bomba kama nilivyowasikia wakisema mezani. Lilikuwa zito na linatetemeka, na mgongo wake ulikuwa mbele ya uso wangu, na nilikuwa nawaza kwamba kumbe ndivyo anavyokuwa huku, bila mtu wa kumshikia.

Mtu akapiga kelele kwamba kuna tanboi amelala nyuma ya kibanda cha chai.

Tanboi ni msaidizi wa dereva wa trela. Wanalala mchana kwa sababu usiku wanalinda mzigo. Mke wangu aligeuka akanitazama. Sura yake ilikuwa na masizi tayari na niliona tu macho. Nilitikisa kichwa. Nilikitikisa kwa nguvu, na yeye akaona.

Akamnyang'anya mama mmoja leso begani, akailowesha, akajifunga puani na mdomoni.

"Baba watoto," akasema, "shika."

Akaniachia mdomo wa bomba, akaingia.

Nilishika. Nilishika kwa muda ambao mtu anaweza kusema neno "shika". Halafu bomba likanipiga kifuani, nikalala chali, na maji yote, maji ya kina mama, yakaenda juu mbinguni na kuwarudia watu kama mvua. Nililikumbatia likanigaragaza. Wa pampu aliruka kutoka juu ya tangi, akaliangukia kwa tumbo, na tukiwa wawili tumelala chini kwenye tope tukaelekeza maji mlangoni alikopitia. Yalifika. Yalifika vizuri, yakapoza ule mlango, nikaanza kuhesabu kwamba tutaweza, na bomba likalegea mikononi mwetu. Likawa jepesi. Likawa kitambaa.

Maji yalikuwa yameisha na yeye alikuwa ndani.

Sitajaribu kueleza kiasi gani tulingoja. Ninachokumbuka ni injini ya gari ikinguruma, kwa sababu dereva hakuweza kuizima, na moto ukila mbao. Wa pampu alikuwa ameushika mkono wangu. Alikuwa analia bila kujificha, huyo mtu wa utani, akisema, "Dada toka. Dada toka. Dada toka."

Alitoka kinyumenyume. Alikuwa amemshika yule tanboi kwapani akimburuta, na visigino vya tanboi vilichora mistari miwili kwenye majivu. Tanboi alikuwa hai, na alipopata pumzi alimtukana aliyemwamsha. Mke wangu alikaa chini. Aliivuta leso ikashuka shingoni, akafungua mdomo kama samaki wa Port Victoria kwenye karai, na hakuna sauti iliyotoka.

Vibanda viliungua vyote mpaka moto ulipofika kwenye uwanja mtupu ukakosa la kula. Trela lilisukumwa na watu likaokoka. Hakuna aliyetupigia makofi na hakuna aliyetupiga mawe. Watu walikuja tu kuchukua jerikeni zao.

Hospitalini walimlaza mke wangu, wakamwekea hewa. Nilikaa kando ya kitanda nimevaa koti la kuazima la wa pampu, linalonitosha mara mbili, nikaitazama ile maski ya plastiki usoni mwake ikijaa ukungu na kusafika, ikijaa na kusafika. Ilikuwa maski ya kwanza kuvaa tangu aanze ile kazi.

Daktari alisema apumzike, akae mbali na moshi wa aina yoyote. Wa aina yoyote, nikasema sawa. Nilihamisha jiko langu la zamani nje kabisa, kando ya banda la kuku, kwa sababu hata moshi wa ugali ulimkamata kifua. Kukiwa na mvua napika chini ya mwavuli. Mama jirani amenicheka mpaka amechoka.

Mkubwa wa kituo alikuja nyumbani kumwona, akasifu ushujaa, akasema maski ziko njiani.

"Zinakuja kwa miguu?" wa pampu akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mkubwa alipoondoka wenzake walibaki mezani kwangu. Wa pampu alisema imetosha, waweke vifaa chini, wakae kituoni mpaka waletewe watu na maski. "Wacha simu ilie," akasema. "Ikilia sana watatuona."

"Watakaoungua siku hiyo si wakubwa," dereva akasema.

"Na sisi mzee? Sisi ni wa kuungua?"

"Mimi sijasema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Mzee akainua kikombe kilichokwisha uji. Nikaona zamu yangu imefika. Nilimgeukia mke wangu aliyekuwa kitini amejifunika shuka. "Uliniapia," nikasema.

Alivuta pumzi kwanza, siku hizi lazima avute kwanza. "Nilikuapia nikiwa nimekaa," akasema. "Hapa kwa kiti. Na uji."

Alipumzika. Na kwa kuwa alipumzika, gari halikutoka, maana watu wawili hawawezi kulitoa. Nilizoea kuliona pale ng'ambo ya barabara limesimama, kioo kimepigwa karatasi ya nailoni. Fundi wa Malaba hakuwahi kulichomelea, undugu uliishia kwenye mawe. Siku moja tulisikia kwamba nyumba ya familia fulani imeungua upande wa Nangina na waliopigiwa simu walikuwa ni wetu wa hapa kituoni. Dereva alikuja kunywa uji saa nne kama kawaida. Hakumwomba arudi. Alikaa upande ule ule wa meza, ameelekea mlango, akatazama gambuti zake mpaka uji ukaganda.

Mke wangu alikuwa anamtazama yeye, na mimi nilikuwa namtazama mke wangu, na nilijua.

Asubuhi yake alivaa overoli. Alijaza matambara kwenye gambuti. Nilisimama mlangoni nikifikiri nitauzuia, lakini mlango wenyewe ni mwembamba na mimi si mtu wa kuzuia milango. Nilisema yale maneno ambayo mtu husema. Alinisikiliza yote. Akakohoa, akashika ukuta mpaka kikapita.

"Sabuni ya kufulia iko wapi?" akaniuliza.

Nilikwenda nikaichukua kwenye karai. Kipande kilikuwa kipya, nilikuwa nimekitumia mara moja tu kwa nguo za watoto. Nikampa. Akakitia mfukoni, akavuka barabara polepole, akisimama katikati mara moja kupumua, na pikipiki zikampita pande zote mbili.

Mama jirani alikuwa ameacha mandazi yake yaungue. Alikuwa amesimama kwenye pengo la mabati na kijiko chake kirefu, na sijui amesimama pale tangu lini. Alimtazama mpaka akaingia geti la kituo. Halafu akanigeukia, na hakukuwa na utani wowote usoni mwake.

"Jirani, hiyo gari mnaiziba na sabuni, sawa, hiyo ni chuma. Sasa huyu mama wa watoto akitoboka kifua, mtamziba na nini?"